Dawa Haioshwi

Kifaa cha kusikia cha Bibi Tekla kiliharibika siku ya Jumanne, na kabla ng'ombe hawajarudi zizini mwanawe, Mwalimu Nikolausi, alikuwa ameshapiga marufuku kukipeleka kwa fundi. Alitoa tangazo hilo akiwa amesimama katikati ya uwanja wa nyumba yake pale Nambis, mikono nyuma, vile anavyosimama mstarini shuleni kutangaza waliofeli. Wasikilizaji walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mkewe Glory, ambaye alikuwa anapeta maharage. Wa pili alikuwa mama mwenyewe, ambaye hakusikia hata neno moja, akatikisa kichwa kukubali.

Kukubali lilikuwa jambo la kawaida kwake. Masikio yalianza kumwacha taratibu, na mwanamke mwenye heshima zake hawezi kila dakika kusema "unasemaje?" mbele ya watu. Basi alijitafutia jibu moja linaloingia kila mahali: "Ndiyo, kabisa." Umeamka salama, mama? Ndiyo, kabisa. Mvua itanyesha leo? Ndiyo, kabisa. Katekista aliwahi kumuuliza kama yeye ndiye aliyeondoka na kiti cha kanisa, naye akakubali kabisa, ikabidi Glory aende kumsafishia jina. Hali hiyo ilikoma pale madaktari wa kambi ya masikio walipopita wilayani wakampachika kifaa kidogo nyuma ya sikio la kulia. Nyumbani walikiita "sikio". Sikio liko wapi? Liko juu ya kabati. Haya, lete sikio la mama.

"Kilichokatika ni kibati kinachoshika betri," alisema Mwalimu. "Kibati tu. Si ugonjwa wa kumpeleka mtu Arusha."

"Nani kasema Arusha?" Glory hakuinua macho kwenye ungo. "Nimesema Rukia wa Dongobesh. Anatengeneza simu za watu wote huku."

"Rukia nilimfundisha mimi sayansi darasa la sita."

"Basi ulimfundisha vizuri. Mwache aitumie."

Mwalimu alimtazama mkewe kwa huruma, kama mtu anayetazama jibu lililokosewa kwa mara ya tatu. Yeye alikuwa mtu wa elektroniki. Hakuna aliyempa cheo hicho, alijiteua. Kwenye stoo ya mahindi aliweka meza, na juu ya meza kulikuwa na redio nne ambazo zote zilikuwa zinaongea kabla hazijamfikia, kifaa cha umeme cha kulehemia alichoagiza kwa basi, na simu yenye video za watu wa nchi za mbali wanaotengeneza kila kitu kwa dakika saba. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake ya jioni na ya Jumapili. Glory aliwaambia wanawake wenzake kwamba anamshukuru Mungu mume wake hanywi pombe, na siku nyingine aliona heri angekunywa, kwa sababu mlevi hafungui redio za watu.

"Baraza ni wiki mbili zijazo, Jumanne kama leo," alisema Glory. "Mama asiposikia siku hiyo, shamba la vitunguu saumu limekwenda. Unalijua hilo au nikuandikie ubaoni?"

Alilijua. Sulle, jirani wa upande wa bondeni, alikuwa ameanza kudai kwamba kile kipande kilicho chini ya ua wa minyaa ni chake, kwamba Bibi Tekla alimpa marehemu baba yake moja kwa moja mwaka wa ukame. Bibi alisema hakumpa mtu kitu, alimwazima mzee huyo misimu miwili tu, basi. Wote waliokuwepo siku ya makubaliano walikuwa wameshazikwa isipokuwa yeye. Kipande chenyewe si kikubwa, lakini ndicho chenye maji, na vitunguu saumu vya pale ndivyo vilivyomfikisha mtoto wao Emanuel kidato cha nne. Kwa hiyo shahidi alikuwa mmoja, shahidi mwenyewe alikuwa na sikio moja, na sikio lenyewe lilikuwa limekatika kibati.

"Itachukua nusu saa," alisema Mwalimu. "Nahitaji dawa tu."

Dawa aliyoitaja ni ile inayopakwa juu ya chuma ili risasi iliyoyeyuka ishike. Bila hiyo risasi inajikusanya na kudondoka. Ina majina yake ya vitabuni, lakini huku mafundi wote wanaiita dawa, na balaa lote la nyumba hii lilianzia kwenye jina hilo.

* * *

Siku ya mnada Mwalimu alikwenda Dongobesh. Alianzia kwenye duka la Rukia, si kwa sababu alitaka ushauri, bali kwa sababu lilikuwa njiani. Rukia alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, akanyanyuka haraka alipomwona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nipe dawa ya kulehemu."

Rukia aliweka mezani kikopo kidogo kama cha mafuta ya midomo. Ndani kulikuwa na kitu cha njano, kizito, kinachonuka utomvu wa msonobari.

"Pesti hii hapa. Unalehemu kitu gani, mwalimu?"

"Kitu cha kielektroniki."

"Chenye bodi ndani? Basi ni hii. Ukimaliza unasafisha kwa spiriti na mswaki laini. Hii hata ukisahau haisumbui sana, lakini wewe safisha tu. Spiriti ninayo pia."

Mwalimu alichovya kidole, akasugua, akanusa. Uso wake haukuridhika.

"Ina nguvu?"

"Nguvu ya nini?"

"Nguvu, nguvu. Mimi naona laini. Inanuka kama ya kupaka watoto."

"Mwalimu, kwenye bodi hatutafuti nguvu," alisema Rukia. "Tunatafuta ile isiyodhuru."

Alisema kwa adabu zote, lakini alisema mbele ya wateja wawili, na mmoja wao akaitikia "ni kweli". Hapo ndipo binti wa watu alipoharibu. Mtu aliyefundisha sayansi miaka ishirini na mbili hawezi kufundishwa sayansi na mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumtoa nje ya darasa kwa kucheka. Mwalimu alifunga kile kikopo, akakirudisha mezani kwa kidole kimoja.

"Binti, mimi nilikuwa nafundisha mada ya umeme wewe hujajua kusoma saa," alisema, akatoka.

Hatua chache mbele, chini ya upenu wa duka la nafaka, alikaa mzee Abdillah, fundi bati. Alikuwa anaziba ndoo. Dawa yake ilikuwa kwenye chupa ya soda, nayo aliipika mwenyewe: anachukua asidi, anatumbukiza maganda ya betri kuukuu za tochi, anaacha ichemke mpaka itulie. Alidondosha tone kwenye ndoo, akagusisha chuma cha moto. Ilitoa mlio wa kukaanga, moshi mweupe ukapanda, ukamwingia Mwalimu machoni na kooni. Alikohoa mpaka akashika nguzo, na alipoacha kukohoa alikuwa anatabasamu.

"Shikamoo, mzee. Hii sasa ndiyo dawa," alisema huku akifuta machozi.

"Marahaba. Dawa ya bati hii," alisema Abdillah. "Una ndoo inavuja?"

"Nina kitu kidogo kuliko ndoo."

"Hata kiwe kidogo namna gani, ukimaliza kioshe kwa maji mengi. Hii inakula. Mimi nisipoiosha ndoo, mteja ananirudia baada ya wiki ina tundu jipya, tena anakuja na mume wake."

Mwalimu alicheka kirafiki. Ndoo inaoshwa kwa sababu ni ndoo, alijiambia. Nani aliwahi kusikia elektroniki inaoshwa kwa maji? Mzee Abdillah hakutaka hata senti. Alimmiminia kidogo kwenye kichupa cha dawa ya macho, akakifunga vizuri, na Mwalimu akarudi Nambis akiwa na dawa ya bure, yenye nguvu, na isiyotoka kwa mwanafunzi wake.

* * *

Alifanya kazi Jumapili mchana, baada ya misa. Tumpe haki yake: mkono wake ulitulia. Alikunja kibati kipya kutoka kwenye kipande cha bati jembamba, akakishikilia kwa koleo ndogo, akadondosha dawa, akagusisha ncha ya moto. Risasi ilitambaa ikajaa kila kona, ikang'aa. Katika maisha yake yote ya kuharibu redio hakuwahi kupata kiungo kizuri namna ile, na alimwita mkewe aje kukitazama.

Glory alitazama. Aliona kibati, aliona risasi, na pembeni yake aliona majimaji yanayometameta yaliyosambaa mpaka kwenye nyaya nyembamba kama nywele.

"Na haya maji?"

"Hiyo ndiyo dawa."

"Si uyafute?"

"Mama Emanuel." Mwalimu aliweka koleo chini. "Mwaka jana jembe liliponikata mguu, nesi wa zahanati alisemaje? Alisema dawa haioshwi. Nikakaa siku saba sijagusa maji. Mguu ukapona au haukupona?"

Glory aliutazama ule mguu.

"Mguu si sikio."

"Kanuni ni ileile. Dawa unaiacha ifanye kazi yake."

Na ili ifanye kazi vizuri zaidi, aliongeza tone jingine. Huyo ndiye mtu ambaye serikali imemkabidhi watoto wetu awafundishe tofauti kati ya asidi na maji, na kila mwaka anawatungia swali la kutu.

Alifunga kifaa, akaweka betri, akamvalisha mama. Bibi Tekla aliinamisha kichwa. Kisha akageuka upande wa banda.

"Yule kuku wa madoa ametaga," alisema.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha. Bibi alisikia mvua ikianza kabla haijafika batini. Alisikia chungu kikichemka. Alisikia pia Glory jikoni akimwambia jirani jambo fulani kuhusu mkono wa mama mkwe kwenye chumvi, akauliza kutoka uwanjani, "Glory, chumvi yangu imefanyaje?" Wakacheka wote, Glory kidogo kuliko wengine. Mwalimu naye hakukaa. Alieleza kazi yake kwenye ofisi ya walimu, akaieleza nje ya kanisa, akaieleza kwa mwendesha bodaboda ambaye hakuuliza.

Aliieleza hata kwa katibu wa baraza la kata. Katibu alikuwa amepanga, kama wanavyofanya kwa wazee wote wa namna hiyo, kwamba Glory akae karibu na bibi amrudishie kila swali sikioni, kwa sauti kubwa na kwa Kiiraqw, lugha ya nyumbani.

"Hakuna haja," alisema Mwalimu. "Mama hahitaji mkalimani. Andika hapo: shahidi anasikia mwenyewe."

"Nikiandika imeandikwa, mwalimu."

"Andika."

Katibu akaandika.

Mvua ilinyesha mfululizo, na ukungu ukalala Nambis mpaka saa nne asubuhi. Siku ya saba bibi alilalamika kwamba sikio linalia kama mafuta yanayokaanga. Mwalimu akalifungua. Kuzunguka kibati kulikuwa na unga wa kijani, umevimba na kukauka pembeni. Mtu mwingine angeshtuka. Mwalimu alifurahi, kwa sababu aliutambua mara moja: ni kigaga. Kidonda kinafunga, na kigaga hakibanduliwi. Alilifunga tena taratibu, asije akakigusa.

* * *

Asubuhi ya baraza walipanda bodaboda mbili katika ukungu. Bibi Tekla alivaa shuka lake jipya na kitambaa cha kichwa cha sikukuu. Walipofika kwenye kilima cha ofisi ya kata, sikio lilipiga filimbi ndefu, likafa. Bibi aliligonga kwa kidole. Akaligonga tena. Akamtafuta mwanawe kwa macho, lakini mwanawe alikuwa anasalimiana na walimu wenzake waliokuja kusikiliza.

Mzee Hhando, mwenyekiti, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi tu, na karatasi zake zilikuwa wazi.

"Mwalimu, hapa imeandikwa shahidi anasikia mwenyewe. Ni hivyo?"

"Anasikia mpaka mchwa wakitafuna dari, mzee."

Watu walicheka. Mwalimu alikaa chini akiwa amependezwa. Sulle, upande wa pili, alicheka pia, kwa heshima.

"Mama Tekla," alisema mzee Hhando, "umekuja hapa kwa hiari yako?"

Bibi alikuwa ameyakazia macho midomo yake.

"Ndiyo, kabisa."

"Na utatuambia ukweli?"

"Ndiyo, kabisa."

Wazee walitazamana kwa kuridhika. Ni nadra kupata shahidi wa umri ule anayejibu kwa ufupi. Lakini jibu la pili lilitoka kabla swali halijaisha, na Mwalimu akageuka kumtazama mama yake. Aliujua ule mkazo wa macho. Aliishi nao nyumba moja miaka yote ile kabla ya sikio. Bibi aligeuza shingo, akamtazama mwanawe, akainua kidole kidogo kuelekea nyuma ya sikio. Alikuwa anauliza. Na Mwalimu, kwa sababu watu walikuwa wanatazama, alitikisa kichwa kumwambia kwamba kila kitu kiko sawa.

"Sulle anasema," aliendelea mzee Hhando, akisoma polepole, "kwamba mwaka wa ukame uliwapa wao kile kipande cha chini ya minyaa, moja kwa moja, si kwa kuazima. Ni kweli?"

"Ndiyo," alisema Bibi Tekla. "Kabisa."

Chumba kilipiga kelele. Hata Sulle mwenyewe alifungua mdomo. Glory alisimama. Mwalimu alimshika kitenge.

"Kaa."

"Hasikii."

"Kaa chini, watu wanatutazama."

"Mzee mwenyekiti," alisema Glory kwa sauti, kitenge bado kiko mkononi mwa mumewe, "mama hasikii. Hajasikia hata swali moja."

Mzee Hhando alivua miwani.

"Mwalimu, mkeo anasema mama hasikii. Wewe umetuambia hapa anasikia mpaka mchwa, na umeandikisha. Nishike la nani?"

Lilikuwa swali jepesi, na muda wa kulijibu ulikuwepo. Angesema tu: nililehemu vibaya, wazee, naomba mke wangu amrudishie maswali sikioni. Maneno yasiyozidi kumi na mawili. Wangemcheka. Wangemcheka mpaka Krismasi, ofisi ya walimu ingempa jina, na Rukia angesikia. Lakini vitunguu vingebaki kwenye maji yake na mama angebaki na neno lake. Mwalimu alitazama walimu wenzake, akatazama Sulle, akatazama viatu vyake. Alijiambia kwamba pengine swali linalofuata mama atalisikia. Mimi nimejaribu kumwonea huruma mtu huyu, nimeshindwa.

"Anasikia, mzee," alisema.

Glory alivuta kitenge chake kikamtoka mumewe mkononi. Akakaa. Mzee Hhando alirudia swali kwa utaratibu, akapata jibu lilelile, kwa adabu ileile. Katibu aliandika kwamba pande mbili zimesuluhishwa. Walimsogezea Bibi Tekla kidau cha wino, naye akabonyeza dole gumba pale alipoonyeshwa, akawashukuru wazee, akamshukuru na Sulle, ambaye alishindwa kumtazama usoni.

* * *

Siku mbili Glory hakumgombeza mumewe. Aliweka chakula mezani na kuondoka. Siku ya tatu aliweka lile sikio bovu pembeni ya sahani ya ugali.

"Mama bado hajui," alisema. "Anadhani tumeshinda. Jana kaniuliza tutapanda lini."

"Tusimwambie sasa. Ana presha."

"Mimi simwambii. Nikimwambia itabidi nipige kelele, na nikipiga kelele Sulle atasikia kwanza. Utamwambia wewe, kwa sauti ya kawaida, kwenye sikio linalofanya kazi." Alilisukuma lile sikio karibu na mboga. "Nenda kwa Rukia. Useme 'naomba unisaidie'. Useme hivyohivyo."

Alikwenda. Alizunguka soko mara mbili akisubiri duka liwe tupu, lakini siku ya mnada duka haliwi tupu. Mwishowe aliingia, akaweka kifaa mezani, akasema yale maneno kwa sauti ndogo. Rukia aliomba ayarudie, si kwa ubaya, pikipiki ilikuwa inapita. Akayarudia.

Rukia alifungua kifaa. Alikigeuza mara mbili.

"Mwalimu, umeweka nini humu?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Ya mzee Abdillah."

Wateja walikuwa watatu. Mmoja alitazama juu darini. Rukia hakucheka, na hilo lilimuuma Mwalimu kuliko kicheko, kwa sababu yeye angecheka.

"Hii ni ya ndoo," alisema Rukia. "Ukiiacha inavuta unyevu wa hewa, inakula kila kinachong'aa, na umeme unapotea njiani. Haitoki kwa spiriti peke yake. Kwanza maji ya moto." Alimimina kidogo kutoka kwenye chupa ya chai, akachukua mswaki laini, akamwekea Mwalimu mkononi. "Sugua wewe, mimi nina simu ya mtu. Polepole. Usikandamize, mwalimu. Nyaya hizo."

Basi Mwalimu Nikolausi alisimama mbele ya meza ya mwanafunzi wake akisugua, huku anaambiwa "bado", na "pale pembeni", na "usiwe na haraka". Unga wa kijani ulitoka. Chini yake waya mmoja ulikuwa umeliwa nusu. Rukia alisuuza tena, akapitisha spiriti, akakausha kwa hewa ya moto. Akafungua kile kikopo cha njano, akapaka kidogo kwa ncha ya kijiti, akalehemu kibati na waya katika muda wa mtu kupiga chafya. Kisha akachukua spiriti na mswaki, akaanza kusafisha upya.

"Mbona na hii yako unaisafisha?" aliuliza Mwalimu. "Si ulisema haisumbui?"

"Kwa sababu ni ya bibi." Rukia aliinua kifaa kwenye mwanga. "Unajua, mwalimu, tatizo ni hilo jina la dawa. Mimi vijana ninaowafundisha hapa nawaambia waiite sabuni. Sabuni hakuna asiyejua kwamba inasuuzwa."

Mwalimu alikaa akilifikiria hilo. Lilikuwa somo zuri, fupi, na hakuliandika popote.

* * *

Alimkuta mama amekaa kwenye kigoda uwanjani, amepeleka miguu kwenye jua, mapajani ana bakuli la mbegu za vitunguu saumu alizokuwa anazitenganisha punje kwa punje. Miguu yake ilikuwa haimfikishi bondeni siku hizi, na ua wa minyaa ulimfichia kila kilichokuwa chini. Mwalimu alimvalisha sikio. Alirekebisha kile kigurudumu kidogo cha sauti, akarudi nyuma.

Bibi Tekla alifumba macho kama anayeonja kitu. Glory alisimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi.

"Limepona," alisema bibi. "Linasikia mpaka bondeni." Akasikiliza. Kutoka chini ya minyaa ilikuja sauti ya mjeledi, na ya mtu anayewapigia maksai mluzi. "Nani analima kule?"

Mwalimu aligeukia mlango wa jiko. Glory hakusogea.

"Sulle, mama."

"Sulle? Kwenye vitunguu vyangu?"

"Baraza limempa."

"Barazani nilikwenda mimi. Limempa kwa neno la nani?"

"Kwa neno lako."

Bibi aliweka bakuli chini. Mikono yake ilitulia mapajani.

"Waliniuliza nini?"

Mwalimu alimwambia swali lilivyokuwa, moja kwa moja na si kwa kuazima, kama mzee Hhando alivyolisoma.

"Nami nikajibu nini?"

"Ulijibu ndiyo, kabisa."

Kule bondeni Sulle aliwakaripia maksai wageuke, na bibi akasikia, na Mwalimu akamwona anasikia. Bibi alimgeukia mwanawe. Alipoongea hakupandisha sauti.

"Mimi siku ile sikusikia kitu, Nikolausi. Nilikuwa nakutazama wewe. Nikaona unatikisa kichwa, nikajua mambo yanakwenda vizuri." Alimtazama usoni. "Wewe ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia, mama."